Anayepigwa Ndiye Anayeongoza Pigano

Kofi la jukwaani lina watu wawili, na kazi kubwa ni ya yule anayelipokea. Ukitaka kula kwa kazi hii Kisumu, Kakamega au Nakuru, uwe mwigizaji wa mapigano au mkufunzi wake, anzia hapo. Vijana wengi huja mazoezini wakitaka kufundishwa kupiga. Kupiga hushikika kwa wiki moja. Kupigwa hadi safu ya nyuma ishtuke, nawe urudi nyumbani bila alama, huko ndiko kunachukua miaka, na ndiko kunamfanya mtu aitwe tena.

Chukua kofi lenyewe. Anayepigwa anawaelekea watazamaji. Anayepiga amewapa mgongo, amesogea nusu hatua pembeni ili asimfunike mwenzake uso. Ananyosha mkono, na ncha ya kidole cha kati inabaki shubiri nzima kutoka shavuni. Shubiri, si vidole vinne. Wanapimana hivyo kila siku, hata kama wamecheza pamoja miezi sita, kwa sababu viatu hubadilika na jukwaa hubadilika. Kisha wanatazamana machoni hadi kila mmoja aone mwenzake yuko tayari. Anayepiga anavuta mkono nyuma waziwazi, kiasi cha kuonekana na mtu aliyekaa karibu na mlango. Kule kuvuta mkono ndiyo ishara. Mkono unakuja, lakini hauji usoni. Unapita mbele ya uso sambamba na sakafu, kiwiko kimelegea, unaenda hadi ng'ambo. Kiganja kinapofika usawa wa pua, anayepigwa anagonganisha viganja vyake mara moja chini ya kifua, mahali ambapo mwili wa mwenzake unaziba. Huo ndio mlio. Papo hapo kichwa, mabega na kiuno vinageuka pamoja kufuata mkono ulikoelekea, pumzi inatoka kwa sauti, na mkono mmoja unapanda shavuni.

Makosa yake yanajulikana. Mlio ukichelewa hata kidogo, watoto wa kidato cha kwanza wanacheka. Mikono ikipanda hadi usawa wa shingo, kila mtu anaona makofi. Anayepigwa akigeuza shingo peke yake bila mabega, kufikia onyesho la kumi shingo inauma. Kosa baya kuliko yote huja polepole: umbali huliwa. Siku ya kwanza ni shubiri, wiki ya pili ni nusu shubiri, kwa sababu watu wamezoeana, damu imechemka na ukumbi unapiga kelele. Ndiyo maana namtaka mtu wa tatu ambaye hayumo kwenye pigano, tunamwita nahodha wa mapigano, akae pembeni kwenye kila onyesho na kuandika umbali alioona.

Sasa, kwa nini nasema anayepigwa ndiye anayeongoza? Kwa sababu macho yake ndiyo ruhusa. Macho yasipokutana, kofi halipo. Anayepiga anashusha mkono, anasema mstari wake, mchezo unaendelea. Jambo hilo lifanyiwe mazoezi kama yanavyofanyiwa mapigo yenyewe: mkufunzi anamnong'oneza anayepigwa asitazame, bila mwenzake kujua, kisha anaangalia kama mkono utatupwa. Ukitupwa, waigizaji hao hawajawa tayari kwa watazamaji, hata kama mwelekezi amechapisha tarehe.

Kukabwa koo hufuata njia hiyo hiyo. Anayekaba hagusi koo kamwe. Viganja vyake vinakaa juu ya mitulinga, vidole gumba vikipishana chini ya shimo la koo. Anayekabwa anashika vifundo vya mikono vya mwenzake na kuvivuta kwake. Anayekaba anavuta kwenda kwake yeye. Misuli inasimama, mikono inatetemeka kwa nguvu ya kweli, na koo halijaguswa. Kidevu kinashuka kidogo kuziba nafasi. Anayekabwa akifungua mikono, kila kitu kimekwisha, kwa hiyo yeye ndiye mwenye ufunguo. Kamba ya shingoni siifundishi kabisa kwa makundi ya shule. Kitanzi cha jukwaani kinahitaji mkanda wa mwilini unaobeba uzito na fundo linaloachia lenyewe. Bila hivyo viwili, mhusika ajinyonge nyuma ya pazia na sisi tusikie kiti kikianguka.

Kuvutwa nywele ni rahisi zaidi: ngumi iliyofungwa inawekwa utosini bila kushika hata unywele mmoja, na anayevutwa anaibana ngumi hiyo kichwani kwa mikono miwili, halafu anatembea mwenyewe. Kwetu ongeza suala la wigi na rasta. Wigi isiyoshonwa huchomoka, na ukumbi uliokuwa kimya unaangua kicheko mama wa watu akiwa katikati ya kulia. Ishonwe, au ivuliwe na kufungwa kilemba. Rasta ndefu zifungwe ndani ya kitambaa, la sivyo zinanaswa kwenye vifungo vya shati la mwenzake, na hapo mvuto unakuwa wa kweli.

Kuanguka kunavunja watu wengi kuliko ngumi. Mwili wa binadamu ukianguka hutafuta ardhi kwa kiganja, na kiganja hupeleka uzito wote kwenye kifundo cha mkono. Tunafundisha kinyume. Kwa anguko la nyuma, mguu mmoja unarudi nyuma, goti linakunjwa hadi makalio yakaribie kisigino, uzito unaingia upande mmoja wa kalio wala si kwenye kifandugu, mgongo unafuata ukiviringika, kidevu kimebanwa kifuani, mikono iko mbele. Pumzi inatoka njiani kushuka. Mtu aliyezuia pumzi huanguka kama gunia. Wiki ya kwanza ni kwenye godoro la unene wa sentimita 10 au zaidi, wiki ya pili kwenye mkeka wa spongi, ndipo sakafu. Kwenye saruji sirudii anguko kamili zaidi ya mara tano kwa siku moja. Mengine yote tunayatembea tu.

Na saruji ndiyo sakafu yetu. Kumbi nyingi za shule kuanzia Siaya hadi Bungoma ni mabwalo ya kulia chakula yenye sakafu nyekundu inayopigwa nta wageni wanapokaribia. Sasa wageni ni nyinyi. Fika saa mbili kabla ya onyesho kuanza. Vaa viatu vya onyesho lenyewe, buruta soli mahali pigano litakapokuwa. Kukiteleza, omba ndoo ya maji ya moto na sabuni, sugua mraba wa mita nne kwa nne, kausha kwa kitambaa, jaribu tena. Kusugua huko kunachukua nusu saa na hakuna mtu atakayekushukuru.

Kumbi hizo zina shida ya pili, ambayo ni ya macho. Kofi nililolieleza linategemea watazamaji wawe upande mmoja. Bwaloni wanafunzi wamekaa pande tatu, wengine wamesimama kwenye madirisha, na wenye simu wanarekodi kutoka ubavuni. Wa ubavuni anaona shubiri yote. Mkufunzi asiyelijua hilo hupanga pigano zuri mazoezini likafa shuleni. Badala yake tumia vitendo visivyo na upande: kusukumana, kuburutana, kukabana, kuvutana nywele, kupokonyana kitu, kuzuiwa mikono. Kofi likiwa la lazima, mfanye mpigwaji awe wa mwisho kwenye msururu unaopita, mapigo yawe wakati watu wanazunguka, ili hakuna upande unaopata picha tuli. Ngumi ya tumboni inaweza kugusa nguo kwa kidole tu, ikisimamishwa na mkono wenyewe, huku anayepigwa akijikunja na kutoa pumzi. Watazamaji huamini pumzi kuliko ngumi.

Kwenye kamera mambo hugeuka. Lenzi ikiwekwa nyuma ya bega la anayepiga hufuta umbali, hata mita nzima inaonekana kama kugusana, na mlio unaongezwa baadaye mezani. Mwigizaji wa jukwaani akienda kwenye filamu hupunguza sauti na kubakiza macho.

Kazi inayotaka akili nyingi kuliko zote ni ile ya uwanjani. Mashirika hukodi makundi kuigiza sokoni na vijijini kuhusu dhuluma za kijinsia, hasa zile siku 16 za kampeni kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba. Hadithi karibu kila mara ina mume anayempiga mke. Hakuna jukwaa, kuna duara la watu Kondele au kando ya soko la Kibuye mjini Kisumu, na nusu yao wamefika mchezo ukiwa umeshaanza. Hawajui ni mchezo. Mwanamume mwenye roho nzuri ataingia kumwokoa yule dada, na atampiga mwigizaji wako ngumi ya kweli. Hilo halitokei kwa bahati mbaya. Ni jambo la kutarajiwa, na kosa ni la aliyepanga.

Panga hivi. Chora duara kwa chokaa au majivu, nusu kipenyo chake mita tano. Pigano likae ndani ya mita tatu za katikati, ili mtu akiingia awe na hatua mbili za kuonekana. Weka wenzako wawili wenye fulana zinazofanana ndani ya umati, pande zinazotazamana, kazi yao ni kumkabili anayeingia kwa mikono iliyo wazi na sauti ya heshima: "Mzee wangu, pole, huu ni mchezo, yule ni dada yetu wa kundi." Msemaji mwenye kipaza sauti arudie kwamba huu ni mchezo kabla tu ya tukio, si mwanzoni peke yake. Kipigo kisizidi sekunde kumi na tano. Afadhali zaidi kifanyike nyuma ya leso, yaani khanga, inayoshikwa na waigizaji wawili: tunaona kivuli, tunasikia milio, tunaona leso ikitetemeka. Nimeona kwamba umati hunyamaza mbele ya leso kuliko mbele ya ngumi.

Chagua pia neno la kusimamisha. Wengi huchagua "basi" au "acha", na hayo ndiyo maneno mke anayalia kwenye mchezo wenyewe. Neno liwe lisiloweza kuwamo kwenye hadithi. "Kengele" linatosha. Likitamkwa na yeyote, mikono yote inashuka na kila mtu anarudi hatua mbili. Na kwa kuwa ndani ya umati ule huwa kuna mtu ambaye jana usiku lilimpata hilo hilo, mshauri awepo karibu, na namba ya 1195 ya kusaidia waathiriwa itangazwe mwishoni kwa utulivu, mara mbili.

Upande huu wetu una hadithi zake za vita, na kila moja ina shida yake ya kiufundi. Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake kivulini, anauawa kwa mkuki unaochoma kivuli. Kwa mkufunzi hicho ni kifo salama kuliko vyote, kwa sababu ncha ya mkuki haielekei mwili wa mtu wakati wowote. Lakini lazima kivuli kiwepo. Kisumu imekaribia sana mstari wa ikweta; mchana kivuli kimejikunja chini ya nyayo, na mkuki ukichoma hapo umechoma mguu. Subiri saa kumi na nusu jioni, kivuli kiwe kimepita urefu wa mtu, na shujaa asimame jua likiwa nyuma yake ubavuni, kivuli kilale kuelekea watazamaji. Ncha itue kwenye kivuli cha kichwa, mbali na mwili, mkuki ukiwa haujaachiwa mkononi. Jioni hiyo hiyo ndiyo mvua ya ziwa hupenda kushuka, kwa hiyo nyasi zikilowa pigano la miguu linafutwa na mchomo wa kivuli unabaki. Ndani ya ukumbi, taa moja iwekwe chini pembeni, nyingine zizimwe.

Mpini wa mkuki usiwe wa mwanzi. Mwanzi hupasuka kwa urefu, ukatoa vijiti vinavyoingia kiganjani au machoni. Tumia mkaratusi ulionyooka, uliokauka, kipenyo cha sentimita tatu hivi, uliopigwa msasa, na ncha ya mpira wa tairi iliyokatwa na fundi wa akala. 

Panga ndilo silaha inayoombwa kuliko zote, na hapo ndipo nakuwa mkali. Makundi hubeba panga halisi lililochubuliwa makali kwa tupa kwa sababu linang'aa. Chuma kilichochubuliwa kina vimenomeno, na hata kikiwa butu uzito wake unavunja mfupa. Tengeneza lako. Kwa panga lisilogongana na kitu, kata plaiwudi ya milimita 9 kwa urefu wa sentimita 50, mviringo wa ncha upatane na sarafu ya shilingi 20. Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, hadi pasiwe na ukingo ila mviringo tu. Sasa chukua soksi nyembamba ya nailoni, ivalishe mkononi na uipitishe ukingo mzima, pande zote mbili, ukienda na kurudi. Ikinasa hata uzi mmoja, rudi kwenye msasa. Ndipo upake rangi ya fedha, tabaka mbili nyembamba, na kufunga mpini kwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili usiteleze kwa jasho. Joto la Kisumu linateleza mikono kuliko watu wanavyofikiri. Kitambaa kikavu kiwe mfukoni mwa kila anayeshika silaha.

Kwa panga linalomgusa mtu, kiini kiwe bomba la plastiki la nusu inchi lililozibwa ncha zote, juu yake spongi ngumu ya ile mikeka ya watoto ya kuunganisha, gundi ya fundi viatu, na bomba liishie sentimita tano kabla ya ncha ili ncha iwe laini. Rungu hutengenezwa vivyo hivyo. Jaribio la soksi hurudiwa kila wiki, kwa sababu plaiwudi hupasuka ukingoni baada ya kuanguka mara kadhaa. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa silaha na kuzirudisha sandukuni, akizihesabu kwa sauti. Shuleni sanduku halikai bila kufuli hata dakika moja.

Damu: vikombe viwili vya sukari kwenye kikombe kimoja cha maji, chemsha hadi iwe nzito, ipoe, tia rangi nyekundu ya chakula na kijiko kidogo cha kakao iwe nyeusinyeusi. Hiyo inaingia mdomoni. Ya nguoni iongezwe sabuni ya maji ili ifulike, ikae kwenye chupa nyingine yenye alama kubwa. Ijaribu kwenye kitambaa cha nguo ile ile siku moja kabla. Sakafuni huteleza na huvuta sisimizi, kwa hiyo ni mtu gani atapangusa na wakati gani, hilo liandikwe.

Bunduki siifanyi kwa baruti kamwe. Risasi baridi, ile yenye baruti bila kichwa, hutoa gesi moto na vipande kwa nguvu ya kuua kutoka karibu: mwigizaji Jon-Erik Hexum alikufa Marekani mwaka wa 1984 kwa risasi baridi aliyojielekezea kichwani, na mwaka wa 1993 Brandon Lee aliuawa na kichwa cha risasi kilichobaki kwenye mtutu. Hapa kwetu mchezo unaoitaka bunduki ni kifo cha Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyeuawa na kikosi cha ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905 alipokuja kukutana naye kwa mazungumzo ya amani. Wengi huigiza kwamba alipigwa risasi wakati wa kupeana mkono. Kazi yote iko kwenye mkono ule: unashikwa, unavutwa, na mlio unatoka nyuma ya pazia kwa mbao mbili zilizounganishwa na bawaba zikigonganishwa. Bastola ya mbao haielekei kifua, inaelekea nafasi iliyo kando ya mwili, upande wa ndani wa jukwaa, ambako watazamaji hawawezi kupima. Bastola hiyo usiibebe mkobani kwenye matatu. Isafiri kwenye sanduku na barua ya kundi, na ukirekodi barabarani, kituo cha polisi cha karibu kiwe kimearifiwa kwa maandishi.

Kuhusu kujifunza. Ngazi rasmi ziko ng'ambo: Society of American Fight Directors, iliyoanzishwa mwaka wa 1977, hupima waigizaji katika silaha na mitindo minane, kuanzia mikono mitupu hadi upanga na ngao, na cheti chake huhitaji kufanywa upya baada ya miaka mitatu. Uingereza nako kuna British Academy of Stage and Screen Combat, tangu 1993. Ukipata nafasi nenda. Lakini msingi wa mwili upo hapa hapa. Ingia klabu ya judo ujifunze kuanguka. Ingia ndondi ujifunze miguu. Nakuru ndiko alikolelewa kimchezo Philip Waruinge, aliyepata shaba ya Olimpiki mwaka wa 1968 na fedha 1972, na kumbi za ndondi zake bado zina walimu. Ila bondia anapokuja kwetu ana jambo moja la kusahau: yeye amefundishwa kuficha ngumi, sisi tunataka aionyeshe. Miezi mitatu ya mwanzo bondia ni hatari kuliko mtu asiyejua kitu.

Wacheza ngoma ndio wanafunzi bora. Mtu aliyekulia kwenye isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, anahesabu mwilini bila kufundishwa. Unampa pigano kwa midundo minane naye halisahau. Tahadhari ni moja: wapigaji ngoma huongeza kasi umati ukichangamka, na pigano linaongezeka nao. Pigano likifungwa kwenye ngoma, mpigaji mkuu awe kwenye kila zoezi, na wakati wa pigano amtazame nahodha, si umati.

Sasa fedha. Hakuna mtu Kisumu atakayekuajiri mwaka mzima kama mkufunzi wa mapigano. Mwaka wako hugawanyika: Januari hadi Aprili ni tamasha za drama za shule, kuanzia ngazi za chini hadi taifa, muhula wa pili hadi wa tatu ni makundi yanayozunguka na tamthilia za vitabu teule kabla ya mtihani wa KCSE, Novemba na Desemba ni mashirika. Katikati unaigiza, unashona, unajenga vifaa. Mwalimu wa drama atakupigia simu Alhamisi akitaka vita vya watu ishirini Jumamosi. Jibu ni lile lile: "Mwalimu, kwa siku moja nitawapa msukumo mmoja na anguko moja, vizuri. Vita vinataka wiki tatu." Ukikubali vita, umekubali jeraha. Kwa hesabu yangu dakika moja ya mikono mitupu inataka saa nane za mazoezi, ya silaha kumi na sita, na kwa wanafunzi ongeza nusu. Toza kwa saa hizo, si kwa onyesho, kwa kuwa kundi likilipa kwa onyesho litakata mazoezi.

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha ukiwa na mambo haya: mapigo yote kwa idadi, saa za mazoezi, nauli, nusu ya malipo kwa M-Pesa kabla ya kusafiri, mamlaka yako ya kufuta pigano siku yoyote bila kukatwa, na nani analipa hospitali. Hilo la mwisho ndilo watu huona aibu kuuliza. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamlinda mwajiriwa. Ukilipwa siku moja mkononi bila karatasi, kuthibitisha kwamba uliajiriwa ni mlima. Lipa SHA yako, bima ya afya ya umma, ambayo kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na usimruhusu mwigizaji asiye nayo kushika silaha. Chukua kozi ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu au St John. Video ya kujitangaza iwe ya sekunde tisini, pigano moja bila kukatwa, likifuatiwa na pigano lile lile kwa mwendo wa kutembea. Mwelekezi anayejua kazi hutazama hiyo ya pili.

Weka pia daftari. Kila onyesho, mstari mmoja: mahali, sakafu, umbali uliopimwa, kilichokwenda kombo, aliyelalamika maumivu. Baada ya mwaka daftari hilo ndilo linalokuambia kwamba maumivu ya magoti yote yalitoka kwenye anguko moja, na anguko hilo linapangwa upya.

Siku ya onyesho, dakika arobaini kabla ya milango kufunguliwa, kila aliye kwenye pigano yuko jukwaani na viatu vyake na wigi yake. Silaha zinatoka sandukuni, soksi inapita ukingoni. Raundi ya kwanza ni kwa kutembea, mistari ikisemwa kwa sauti ya chini. Raundi ya pili ni nusu kasi. Ya tatu ni robo tatu, na hapo tunakomea, kwa kuwa kasi kamili ni ya watazamaji. Nahodha anauliza kila mmoja kwa jina kama mwili uko sawa. Anaanza na anayepigwa, na akisema bega limekaza, kofi linabaki na anguko linaondolewa, na mwelekezi anaambiwa baadaye.